Fedha za Kampuni, Mpango wa Kijiji

Leo tunaziacha kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya fedha zinazotolewa na kampuni kubwa kwa maendeleo ya wananchi wanaoishi jirani nazo. Kiserikali jambo hili huitwa wajibu wa kampuni kwa jamii. Lishikeni neno hilo, ndugu zangu: wajibu. Wajibu si sadaka.

Tutazame migodi. Kule Geita mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2000. Siku hizo kampuni ya madini ilijenga darasa hapa au kuchimba kisima pale kwa hiari yake. Mwaka 2017 Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilirekebishwa. Tangu hapo mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa wajibu wake kwa jamii, ukubaliwe kwa pamoja na halmashauri, na ufuate vipaumbele vya wenyeji. Halmashauri nayo hutoa mwongozo, husimamia utekelezaji, na huwaeleza wananchi juu ya miradi yao.

Msichanganye fedha hizi na mrabaha. Mrabaha ni malipo mengine, ambayo huenda Serikalini. Kwa dhahabu, uliongezwa mwaka huo huo wa 2017 kutoka asilimia 4 hadi 6.

Sasa, vipaumbele hivyo vinatoka wapi? Vinaanzia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe, na mkutano unatakiwa ufanyike angalau kila miezi mitatu. Kijiji kisichopeleka orodha yake kitapangiwa na wengine. Kitaletewa jengo zuri, kumbe shida yake ilikuwa barabara ya kutolea mazao!

Basi nendeni mkutanoni na hesabu, msiende na malalamiko matupu. Tuchukue mfano. Kijiji kina kaya 300, na kila kaya huharibikiwa na magunia 2 ya mahindi kwa mwaka kwa kukosa mahali pazuri pa kuhifadhia. Hayo ni magunia 600. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini mnataka ghala.

Kabla ya kukubali mradi wowote, ulizeni maswali matatu. Kwanza, unaondoa shida ya nani? Msisahau akina mama wanaotembea mbali kufuata maji. Pili, kiwanja kiko wapi, na ni cha nani? Tatu, kampuni ikishakabidhi, nani atautunza? Pampu ikiharibika, fundi atalipwa kwa fedha gani? Kwa mradi wa maji, chombo cha watumia maji kiundwe mapema, na mapato na matumizi yake yasomwe mbele ya wananchi.

Ndugu wakulima, dhahabu huchimbwa ikaisha. Ardhi inabaki, nasi tunabaki juu yake. Kwa hiyo tuchague vitu vitakavyoendelea kutuzalia baada ya mgodi kufungwa: maji, barabara, ghala, elimu ya watoto. Vijiji vikifanya hivyo, mali ya chini ya ardhi itakuwa imejenga nchi kweli.

Mkutano wa kijiji chako utakuwa lini? Muulize mwenyekiti wako leo. Kwaherini, tukutane juma lijalo.