Istilahi na Kiwango cha Elimu ya Ufundi: Uchunguzi wa Maneno 'Nguvu' na 'Shoti'

Husemwa mara nyingi kwamba kiwango cha elimu ya ufundi hakina budi kuinuliwa. Anayesema hivyo aghalabu hufikiria karakana, mitambo, vifaa vya maabara na idadi ya walimu. Vyote hivyo ni vya lazima, na hatuna nia ya kuvidharau. Walakini liko jambo jingine ambalo gharama yake ni ndogo na faida yake ni kubwa, nalo ni usahihi wa maneno anayofundishiwa mwanagenzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano michache ya trekta na ya umeme, jinsi neno moja linalobeba dhana nyingi linavyoweza kushusha kiwango cha kazi, na hata kuhatarisha maisha ya mfanyakazi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa taarifa yake, ikapendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hata baada ya shule ya msingi; pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ililirudia suala hilo kwa kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Wakati mjadala huo ukiendelea kwa miaka mingi, mafundi hawakungoja. Katika gereji na karakana, fundi amekuwa akimfundisha mwanagenzi wake kwa Kiswahili. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu ni Kiswahili hicho kiwe sahihi kwa kiasi gani.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Majina ya vitu vinavyoshikika hayana shida kubwa. Mafundi wana spana, nati, bolti, gasketi, beringi, klachi, giaboksi, plau na haro. Maneno haya yametoholewa, yanaeleweka kote nchini, nasi hatuoni sababu ya kuyatafutia mbadala. Upungufu uko katika majina ya mambo yasiyoshikika: vipimo, hali na mahusiano ya vipimo hivyo. Huko ndiko neno moja hubebeshwa mzigo wa maneno manne au matano.

Nguvu ya trekta

Tuchukue neno 'nguvu'. Fundi husema, "Trekta hii ina nguvu kuliko ile," akiwa na maana ya injini. Tena husema, "Tia gia ya chini, ina nguvu zaidi." Kisha huongeza kuwa chuma cha plau fulani "hakina nguvu," na kwamba betri "imekwisha nguvu." Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea. Lakini mwalimu wa uhandisi anajua kwamba hizo ni dhana nne tofauti, na kila moja ina kipimo chake.

Tuseme trekta inavuta plau kwa mvuto wa nyutoni 10,000, ikienda mita 1.5 kwa sekunde, yaani kilomita 5.4 kwa saa. Mvuto huo ukizidishwa kwa mwendo tunapata wati 15,000, au kilowati 15, ambazo ni takriban nguvu za farasi 20. Dereva akitia gia ya chini na mwendo ukapungua kwa nusu, trekta ile ile yaweza kuvuta kwa karibu nyutoni 20,000, mradi magurudumu yasiteleze. Mvuto umeongezeka maradufu, ilhali kilowati zimebaki 15. Mwanagenzi aliyeambiwa kuwa gia ya chini "ina nguvu zaidi" hataweza kuelewa hesabu hii, kwa sababu lugha imemwambia kwamba kitu kimeongezeka, na hesabu inamwambia kwamba kitu hicho hicho hakikuongezeka.

Kwa upande wa mvuto na msukumo, neno 'kani' limekwisha kutumika katika vitabu vya sayansi, nalo lafaa lishikwe. Kwa uwezo wa kufanya kazi uliohifadhiwa katika dizeli au betri tunalo neno 'nishati'. Kwa chuma kisichovunjika upesi, 'uimara' latosha. Hapo neno 'nguvu' litabaki na dhana moja tu: kiasi cha kazi inayofanyika kwa muda fulani, kipimo chake kikiwa wati au nguvu za farasi. Tunapendekeza liachwe hapo kwa kuwa 'nguvu za farasi' ni usemi uliokwisha kukomaa, na kuung'oa kungekuwa kupoteza wakati. Basi mwalimu atasema, "Gia ya chini hutoa kani kubwa zaidi kwa nguvu ile ile," na sentensi hiyo moja itakuwa imefundisha somo zima.

Suala hili halimhusu mwalimu peke yake. Mtumishi wa serikali anayeandika masharti ya zabuni kwamba inatakiwa "trekta yenye nguvu za farasi 60" hajamaliza kusema. Nguvu hizo, ambazo ni sawa na kilowati 44 au 45, zapimwa wapi? Zinazopimwa kwenye injini huwa nyingi kuliko zile zinazofika kwenye shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine. Shafti hiyo nayo kwa kawaida hutengenezwa izunguke mara 540 au mara 1,000 kwa dakika, na mashine ya mkulima lazima iafikiane nayo. Wauzaji wawili wanaweza kujibu zabuni hiyo kwa ukweli mtupu, na bado mkulima akapokea mashine mbili zisizolingana.

Kukaza bolti

Mfano wa pili ni wa kitabu cha maelezo ya injini. Mtengenezaji aweza kuagiza kwamba bolti za kichwa cha silinda zikazwe kwa kipimo cha nyutoni-mita 100. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika, "Kaza kwa nguvu ya 100." Msomaji atafanya nini na maneno hayo? Akivuta kwa kani ya nyutoni 100 mwishoni mwa spana yenye urefu wa robo mita, bolti itapata nyutoni-mita 25 tu, yaani robo ya kipimo kilichoagizwa. Gasketi itavuja na injini itapata joto kupita kiasi. Fundi mwingine, kwa kuona neno 'nguvu', atakaza kwa nguvu zake zote, na bolti itakatika. Wote wawili wametii maandishi waliyopewa.

Dhana inayohitajika hapa ni kani ikizidishwa kwa urefu wa mkono wa spana. Tunapendekeza neno 'msokoto', kwa kuwa kusokota ni kuzungusha kwa kukaza, kama afanyavyo msokota kamba. Maagizo yatasomeka: "Kaza kwa msokoto wa nyutoni-mita 100, kwa kutumia spana yenye kipimo." Iwapo wataalamu watapata neno bora zaidi, hatutalilia letu. Jambo tunalolisisitiza ni kwamba dhana hii ipate neno lake yenyewe, na kwamba kipimo kisiandikwe kamwe bila jina la kizio chake.

Umeme na shoti

Katika umeme hatari ni kubwa zaidi. Neno 'umeme' lenyewe hutumika kwa volteji, kwa mkondo, kwa nishati na kwa nguvu. Husemwa, "Umeme ni mdogo leo," pale volteji inaposhuka. Na husemwa, "Jiko hili linakula umeme," pale nishati nyingi inapotumika. Fyuzi huchaguliwa kwa mkondo, na kipimo chake ni ampea. Mwanagenzi aliyeambiwa kwamba fyuzi iliungua "kwa sababu umeme ni mkubwa" aweza kuweka fyuzi ya ampea 15 mahali pa fyuzi ya ampea 5, akidhani ameimarisha chombo. Kumbe ameondoa ulinzi, na sasa ni waya utakaoungua kabla ya fyuzi. Vivyo hivyo, fundi wa redio akisema chombo kilichochomolewa "hakina umeme", asisahau kwamba kapasita ndani yake yaweza kuwa ingali imehifadhi chaji ya kumdhuru.

Neno la hatari kuliko yote ni 'shoti'. Mafundi hulitumia waya mbili zinapogusana na mkondo kupita njia ya mkato. Watu hao hao hulitumia mtu anapopigwa na umeme. Sasa tufikirie betri ya trekta ya volti 12. Kwa kawaida volti 12 hazitoshi kupitisha mkondo wa kudhuru katika ngozi kavu ya mtu. Kwa hiyo fundi mkuu, akisema kweli, humwambia mwanagenzi, "Usiogope, betri haina shoti." Mwanagenzi huondoka na imani kwamba betri haiwezi kufanya shoti ya namna yoyote. Lakini spana ikilala juu ya vichwa viwili vya betri hiyo, ukinzani wake ni mdogo mno, na mkondo waweza kufikia mamia ya ampea. Spana itawaka moto mkononi mwake, na cheche zake zaweza kulipua haidrojeni inayotoka katika betri wakati wa kuchajiwa. Sentensi ya kumwondolea hofu ndiyo iliyomwondolea tahadhari.

Dawa yake si ngumu. 'Shoti' libaki kuwa jina la hitilafu ya njia ya mkondo, kwa kuwa ndivyo lilivyoingia katika lugha ya ufundi. Kwa mtu, tuseme 'kupigwa na umeme', maneno ambayo hata mtoto anayaelewa. Matangazo ya usalama katika viwanda na shule yafuate tofauti hiyo bila kukosa.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mfasiri aanze na dhana na kizio chake kabla ya kutafuta neno. Dhana mbili zenye vizio tofauti zisipewe neno moja. Pili, waunda istilahi wafike karakana na kusikiliza, wakubali maneno yaliyokwisha kukomaa, na kuyawekea mipaka pale yanapogongana. Tatu, walimu wa ufundi wasiridhike na jibu la mwanafunzi lenye neno 'nguvu' au 'umeme' mpaka ataje kipimo. Nne, ofisi zinazotayarisha zabuni, maagizo na matangazo ya usalama ziyapitishe maandishi yao kwa fundi na kwa mtaalamu wa lugha pamoja, kwani kila mmoja huona kosa ambalo mwenzake haoni.

Wako wanaodhani kwamba kazi ya istilahi ni kuipamba lugha. Mifano tuliyoitoa inaonyesha vingine. Istilahi ni chombo cha kazi kama spana ilivyo: ikiwa na kipimo kisicholingana na nati, huteleza, na anayeumia ni yule aliyeishika. Tunawaomba wasomaji wetu walioko vyuoni na karakanani watuletee maneno mengine ya namna hii waliyokutana nayo, pamoja na maelezo ya jinsi yanavyotumika, ili yachunguzwe na kutolewa uamuzi.