Mchimba Magofu ni Kibarua: Amana Itatunzwa na Nani?

Wengi wetu hapa Pwani tunapoyaona magofu ya Gede, ya Takwa au ya Jumba la Mtwana, hudhani kuwa kazi ya kuyachunguza ilikwisha zamani na vitabu vikaandikwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya miji yetu ya kale ingali chini ya udongo, na baadhi ya wale wanaotazamiwa kuifukua na kuisomesha vyuoni ni vibarua. Nasema hivyo bila ya kuona haya, kwani mimi ni mmoja wao.

Kazi yangu ni kusomesha akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza mambo ya kale kwa kufukua ardhi. Chuo hunipa mkataba wa muhula mmoja, miezi isiyozidi minne. Hulipwa kwa saa za darasani tu. Saa za kusahihisha mitihani na za kuwapeleka vijana magofuni hazimo katika hesabu. Muhula ukimalizika na mkataba umekufa, nami hukaa nikingoja simu. Ujira wenyewe huchelewa, hata mara nyingine malipo ya muhula wa kwanza hunifikia nikiwa katika wa tatu. Mwenye duka mtaani kwetu amekwisha kuzoea; huandika deni katika daftari lake bila ya kuniuliza.

Lakini sikushika kalamu ili kulilia mshahara. Liko jambo kubwa kuliko tumbo langu.

Mchimbaji wa magofu si kama mchimba kisima. Hupima mraba kwa kamba, akakwangua udongo tabaka baada ya tabaka kwa mwiko kama ule wa mwashi, kisha udongo ule ukachekechwa. Kila kigae cha chungu, kila ushanga na kila mfupa wa samaki huandikiwa tabaka ulimotoka. Tabaka likishaondolewa halirudi tena, na hata aje mtaalamu wa namna gani hawezi kulichimba mara ya pili. Kinachosalia ni maandishi, picha, na vile vitu vilivyotiwa mifukoni. Kwa hivyo mtu akichimba kisha asiandike taarifa, hakuvumbua chochote, amebomoa tu.

Na kuandika kwataka muda. Tazameni mfano wa Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mwingereza Mark Horton na wenziwe walichimba huko baina ya mwaka wa 1980 na 1988. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta athari za misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa imejengwa kwa miti katika karne ya 8. Yaani hazijatimia karne 2 tangu Hijra, nao watu wa Shanga tayari walikuwa wakisali pale. Kitabu kamili cha uchunguzi huo kilitoka mwaka wa 1996. Neville Chittick naye alianza kuchimba Manda mwaka wa 1966, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1984. Hapo pana miaka 16 kwa mmoja na 18 kwa mwingine. Vitabu vyote viwili vilitolewa na taasisi moja ya Kiingereza iliyoko Nairobi, isiyovunja kambi kila muhula.

Wenzetu pia wamefanya makubwa walipopata pa kukaa. Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa, alifanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Mwaka wa 2023 yeye na wenziwe walitangaza uchunguzi wa chembe za urithi kutoka katika mifupa ya watu 80, wakiwamo wa miji ya kale ya Pwani, Mtwapa ikiwa mojawapo. Ilidhihirika kuwa wengi wao walitokana na mama wa Kiafrika na baba waliotoka Asia, hasa Ajemi, na kwamba kuchanganya damu huko kulianza yapata mwaka wa 1000. Kama vitu vilivyochimbwa zamani vingalipotezewa maandishi yake, jawabu hilo lisingalipatikana.

Sasa ilinganisheni miaka hiyo na mkataba wa miezi minne. Nikiomba fedha za utafiti, swali la kwanza huwa: mwakani utakuwa chuo gani? Nami sina la kujibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia katika uchimbaji karibu na kijiji kimoja cha wavuvi. Wazee walitukaribisha vyema, wakatuonyesha makaburi ya kuepukwa, wakatusomea dua. Tuliondoka na mifuko ya vigae. Mkuu wa kazi ile naye alikuwa mtu wa mkataba, na ulipokwisha alipata kazi ya bima Nairobi. Hana lawama, ana watoto wa kulisha. Lakini taarifa haijaandikwa hata leo. Nilipopita kijijini tena, bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, vile vigae vyetu vimesema nini?" Nilimwambia kuwa vingali mifukoni, ghalani, vikingoja mtu wa kukaa navyo.

Vitu vile ni amana, na dini yetu imetuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka wa 2006 yakataza kuchimba bila ya kibali, na hilo ni jema. Lakini kibali cha kuchimba kisitolewe pasi na fedha za kumweka mchimbaji mezani mpaka amalize kuandika. Chuo kisichoweza kuwaajiri walimu wote moja kwa moja, na kiwape mikataba ya miaka mitatu au minne badala ya muhula. Nakala za maandishi ziwekwe makumbushoni, na taarifa fupi ya Kiswahili ipelekwe kwa wenye kijiji. Serikali zetu za kaunti, zinazojivunia magofu haya mbele ya watalii, nazo zichangie.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Nasi hatujaiacha asili yetu. Tumeifunga mifukoni tu. Lakini karatasi huliwa na mchwa na wino hufifia, navyo havingoji muhula ujao.