Kufuli ya Pili Mlangoni

Mpangaji anarudi jioni kutoka kibaruani na kukuta kufuli mbili mlangoni. Ile yake ndogo ya shaba, na juu yake nyingine kubwa, mpya, aliyoitia keteka, msimamizi wa ploti. Ndani kuna sufuria ya ugali wa jana, sare za mtoto na godoro. Mwezi umefika tarehe kumi, na kodi haijalipwa.

Kila aliyewahi kupanga ploti za Kangaru kule Embu, au Makutano na Nchiru upande wa Meru, anaijua picha hii. Mwenye nyumba naye namwelewa. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, mkulima wa majani chai au mfanyabiashara wa miraa aliyekopa kwenye sacco kujenga vyumba kumi, na sacco haingoji mpangaji apate pesa. Lakini kufuli ile ya pili inaweza kumgharimu zaidi kuliko deni lenyewe. Mpangaji aliyefungiwa nje bila notisi wala amri ya mahakama anaweza kudai fidia, hata kama kodi anadaiwa kweli.

Kwa chumba ambacho kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya inamtaka mwenye nyumba apate kwanza amri ya jopo la kodi kabla ya kumtoa mtu. Bedsita za wanafunzi zimeshapita kiwango hicho, ila vyumba vya mabati bado vimo. Kodi ikizidi hapo, mkataba na Sheria ya Ardhi ya 2012 ndivyo vinavyotawala: anayelipa kila mwezi anastahili notisi ya mwezi. Na anayetaka kukamata vyombo vya mpangaji ili kufidia kodi hutumia dalali mwenye leseni. Keteka na vijana wa kukodiwa hawana mamlaka hayo.

Hatari kubwa zaidi iko chini, kwenye vyumba vinavyotazama barabara: duka, kinyozi, hoteli ya chai na mandazi. Wengi huviachia kwa maneno tu, wakidhani kutoandika kunawaacha huru kumwondoa mtu wakati wowote. Sura ya 301, ya upangaji wa biashara, inasema kinyume. Upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa miaka isiyozidi mitano, unalindwa. Kuuvunja au kupandisha kodi kunahitaji notisi ya maandishi, kwa fomu maalumu, ya miezi miwili au zaidi. Mpangaji akiwasilisha pingamizi kwa jopo la upangaji wa biashara kabla ya siku ya notisi kuanza kutumika, notisi inasimama hadi uamuzi utoke. Ndiyo sababu mawakili huandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, bila kifungu cha kuivunja mapema ila kwa kukiuka masharti. Kisha mkataba unalipiwa ushuru wa stempu, kwa maana mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi.

Ila kesi zinazoniuma zaidi hazitoki kwa mpangaji. Ni za ndugu. Mtu amejenga ghorofa kwenye shamba ambalo hati yake bado ina jina la baba aliyefariki, kwa kuwa mzee alimwonyesha sehemu yake kwa mguu. Sheria ya Urithi haitambui mpaka wa mguu. Kuitumia mali ya marehemu kama yako kabla ya mahakama kukupa idhini ya kuisimamia ni kosa la jinai. Dada aliyeolewa mbali ana haki sawa na kaka zake, na akifika kortini anaweza kuomba kodi iwekwe kando hadi urithi ugawanywe. Nguvu zote za mjenzi zinabaki zimefungwa ndani ya saruji. Hati ilipaswa kushughulikiwa kabla ya lori la kwanza la mchanga.

Na kesi ya kodi ikifika mbele ya hakimu, swali la kwanza kwa mwenye nyumba huwa rahisi: nani alilipa, lini, na kiasi gani? Hapo ndipo linapotafutwa daftari la keteka. Mara nyingi ni la kurasa thelathini na mbili, jalada limelowa mafuta, jina la mpangaji limeandikwa “Mama Kendi, nambari 4”, na mbele yake alama ya vema bila tarehe.