Usaili wa benki kubwa: Anayepimwa ni mlinzi wa fedha zako

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayepeleka mauzo ya siku benki hukutana dirishani na kijana mmoja. Kijana huyo hupokea fedha, huzihesabu, huziingiza kwenye kompyuta na kumpa mteja stakabadhi. Kazi yote huchukua dakika chache. Lakini mpaka akae kwenye kiti kile, kijana huyo amepita kwenye mchujo mrefu, na namna alivyochujwa inamhusu mwenye akiba, mkopaji na mwenye hisa kuliko wengi wanavyodhani.

Simulizi za vijana waliokwenda kwenye usaili wa benki kubwa hapa nchini zinafanana sana. Wengi hurudi nyumbani wakisema maswali yalikuwa mepesi, kisha wanashangaa kwamba hawakuitwa tena. Wanasahau jambo moja. Benki haitafuti mtu anayejua mambo mengi tu, bali mtu anayeweza kuachiwa fedha za watu wengine na kusema ukweli pale hesabu zinapokataa.

Zamani na sasa

Benki zilipotaifishwa mwaka 1967 na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) kuundwa, benki hiyo ilibaki karibu peke yake katika biashara ya benki Tanzania Bara kwa zaidi ya miaka 20. Aliyepata kazi pale alihesabu kuwa amepata kazi ya maisha. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua milango kwa benki binafsi. CRDB ikabinafsishwa mwaka 1996, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa, ndipo NMB ilipozaliwa. Katika mageuzi hayo matawi yalifungwa na wafanyakazi wengi wakapunguzwa.

Leo NMB na CRDB kila moja ina matawi zaidi ya 200, na hisa zao zinauzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, za NMB tangu mwaka 2008 na za CRDB tangu mwaka 2009. Kwa mwaka 2023 faida ya NMB baada ya kodi ilivuka Sh. bilioni 500, na ya CRDB ilivuka Sh. bilioni 400. Si ajabu basi kwamba nafasi chache zikitangazwa, maombi yanamiminika kutoka kila mkoa.

Hatua zenyewe huwa hivi. Maombi hutumwa kwa kompyuta au simu. Wanaochaguliwa huitwa kwenye mtihani wa hesabu, ufahamu na mantiki, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa muda mfupi. Wachache wanaobaki huketi mbele ya jopo la watu watatu au wanne. Baada ya hapo vyeti huhakikiwa, wadhamini hupigiwa simu, na rekodi ya mwombaji polisi huangaliwa. Kati ya hatua moja na nyingine zinaweza kupita wiki kadhaa bila taarifa yoyote, na huo ndio muda ambao vijana wengi wanaulalamikia zaidi. Anayetoka mkoani amelipa nauli na chakula, pengine kwa fedha za kukopa, na hajui kama amekataliwa au bado anafikiriwa.

Swali la Sh. 30,000

Kwa nafasi ya keshia, swali ambalo vijana hulisimulia sana huwa la namna hii. Mteja ameleta noti 187 za Sh. 10,000, noti 94 za Sh. 5,000 na noti 65 za Sh. 2,000. Kwenye hati yake ameandika Sh. 2,500,000. Utafanya nini?

Anayepiga hesabu ataona kwamba fedha zilizopo ni Sh. 2,470,000, yaani pungufu kwa Sh. 30,000. Hesabu hiyo ni ya darasani, na wengi wanaipata. Mtihani wenyewe uko kwenye "utafanya nini". Keshia mzuri huhesabu mteja akiwa anaona, haondoi fedha kwenye macho ya mteja, hagongi muhuri wala haingizi kiasi chochote kabla tofauti haijatatuliwa. Huhesabu tena, humweleza mteja kwa adabu, na mteja akibisha humwita msimamizi.

Linalofuata ni gumu zaidi. Jioni umefunga hesabu na droo yako imepungua Sh. 30,000. Hapo wengi hutoa jibu la ukarimu: "Nitatoa mfukoni mwangu nifidie." Jopo halilipendi jibu hilo. Benki ina utaratibu wake wa kuandika upungufu na wa kuandika ziada, na vyote viwili hutolewa taarifa siku hiyohiyo. Anayefidia upungufu kimyakimya leo, kesho ataweka ziada mfukoni kimyakimya. Ziada hiyo pengine ni fedha ya mama lishe aliyehesabu vibaya kwa haraka zake, naye atarudi asubuhi kuiulizia.

Wapo pia wanaoulizwa kuhusu mteja anayeleta fedha nyingi kila siku bila biashara inayoeleweka. Sheria ya kudhibiti fedha haramu ya mwaka 2006 inaitaka benki kumjua mteja wake na kutoa taarifa ya miamala yenye mashaka. Kijana anayejibu kwamba atamvuta mteja pembeni na kumwambia "jihadhari, unachunguzwa" amejiangusha mwenyewe. Kumtonya mteja wa namna hiyo ni kosa kisheria.

Mkopo wa Sh. milioni 2

Kwa nafasi ya afisa mikopo, maswali huingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mfanyabiashara, na msomaji wa ukurasa huu atafaidika kuyajua hata kama haombi kazi.

Chukua mkopo wa Sh. 2,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi sita. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, mkopaji atalipa riba ya Sh. 180,000. Riba ikipigwa kwenye salio linalopungua kila mwezi, huku deni la msingi likilipwa kwa mafungu sita yaliyo sawa, atalipa Sh. 105,000 tu. Asilimia ni ileile 18, lakini tofauti ni Sh. 75,000. Mwombaji kazi asiyeweza kumweleza mwenye duka tofauti hiyo kwa Kiswahili chepesi hafai kukaa kwenye meza ya mikopo. Na mwenye duka asiyeuliza atailipa tofauti hiyo yeye mwenyewe.

Kisha huja swali la vipimo vitano vya mkopaji: tabia yake, uwezo wake wa kulipa, mtaji wake, dhamana yake na mazingira ya biashara yake. Vijana hukariri vyote vitano, lakini jopo huuliza kipi kitangulie. Wengi husema dhamana. Afisa mzoefu atasema tabia na uwezo, kwa kuwa benki haikufunguliwa ili iuze nyumba za watu. Taifa lililipia somo hilo miaka ya nyuma, pale mikopo kwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika ilipotolewa kwa maelekezo zaidi kuliko kwa vipimo. Mwaka 1991 ikabidi kuundwe chombo maalumu, LART, cha kukusanya madeni yaliyoshindikana.

Yasiyopaswa kuulizwa

Si kila kinachosimuliwa ni sifa kwa waajiri. Wasichana husimulia kuulizwa kama wameolewa, au kama wana mpango wa kuzaa karibuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, kabila, dini na mingineyo, na kinga hiyo inamhusu pia mtu anayeomba kazi. Anayeulizwa swali hilo anaweza kujibu kwa heshima kwamba yuko tayari kutimiza masharti ya kazi kama yalivyotangazwa, akaishia hapo.

Lipo pia suala la vimemo. Vijana wengi wanaamini kwamba nafasi huwa zimeshagawiwa watoto wa wakubwa, na usaili ni wa kutimiza taratibu tu. Imani hiyo ina madhara hata pale isipokuwa kweli, kwa sababu humfanya kijana hodari asijiandae. Pale inapokuwa kweli, hasara haimwangukii kijana aliyekosa kazi peke yake. Afisa aliyeingia kwa kimemo atashindwa kukataa mkopo utakaoombwa kwa kimemo.

Jambo la tatu ni aina ya kazi yenyewe. Tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa uwakala mwaka 2013, huduma nyingi zimehamia kwa mawakala na kwenye simu. Kwa hiyo nafasi nyingi zinazotangazwa ni za mauzo, za mkataba, zenye malengo ya kila mwezi. Swali huwa: "Utatuletea wateja wangapi?" Kijana asitaje idadi ya kufurahisha jopo, maana idadi hiyohiyo inaweza kurudi kwake kama lengo la kazi. Naye aulize mshahara wa msingi ni kiasi gani, na kipi kinategemea mauzo.

Uzoefu uliofichwa

Linalosikitisha zaidi ni vijana wanaoandika "sina uzoefu" wakati wamekulia dukani. Aliyesimamia kibanda cha wakala wa fedha kwa simu amekaa na floti, amefunga hesabu kila usiku, amekamata noti bandia na amemtuliza mteja aliyetuma fedha kwenye namba isiyo yake. Hiyo ni kazi ya keshia, ila imefanyika chini ya mwavuli. Aliyekusanya michango ya kikoba anajua kudai deni bila kuvunja undugu. Mambo hayo yaandikwe kwenye wasifu kwa tarehe na kwa kiasi cha fedha kilichopita mikononi mwake kwa siku, na mwenye duka akubali kuwa mdhamini.

Wafanyabiashara, hapa mna kazi. Mtoto akimaliza chuo na yuko nyumbani anasubiri, mpe daftari la duka alifunge kila jioni kwa miezi mitatu, na mkague pamoja. Akikaa mbele ya jopo atazungumzia hesabu alizozifunga mwenyewe.

Tena mwonyeni kuhusu vishoka. Benki kadhaa kubwa huandika kwenye matangazo yao kwamba hazitozi ada yoyote kwa mwombaji kazi. Anayedai fedha ya fomu, ya vipimo au ya "kusukuma faili" ni tapeli, hata akituma barua yenye nembo ya benki.

Kwa mwenye hisa

Mwenye hisa chache hana kiti kwenye jopo la usaili, lakini matokeo yake huyaona kwenye hesabu zinazochapishwa kila robo mwaka. Atazame uwiano wa mikopo chechefu, ambao Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Atazame pia gharama za uendeshaji kulinganisha na mapato, na kama hasara zinazotokana na wizi na udanganyifu zimetajwa. Benki inayochagua watu kwa mizani sahihi haitakosa hasara kabisa, ila hasara zake zitagunduliwa mapema zikiwa bado ndogo.

Na siku mwenye hisa akihudhuria mkutano mkuu wa mwaka, baada ya kuuliza gawio ni shilingi ngapi kwa hisa, aulize pia swali moja zaidi: "Wafanyakazi wapya wa mwaka huu mliwapataje?" Mkurugenzi mwenye jibu lililonyooka hatakosa la kusema.