Coober Pedy hadi Birdsville: Upepo Haurudishi Ulichochukua

Coober Pedy, katika jimbo la Australia Kusini, ni mji wa wachimba opali, na wengi wao huishi katika nyumba zilizochimbwa chini ya ardhi ili kukimbia joto. Birdsville ni kijiji kidogo cha Queensland, ng'ambo ya jangwa la Simpson. Anayekwenda kwa gari huelekea mashariki hadi William Creek, akateremka hadi Marree, kisha akapanda kaskazini kwa Njia ya Birdsville yenye kilomita 517. Jumla hukaribia kilomita 900, karibu zote za vumbi, na mvua kubwa ikinyesha njia hufungwa. Ndege hukata moja kwa moja juu ya mchanga, kaskazini mwa ziwa la chumvi la Kati Thanda-Lake Eyre: kilomita 575 basi.

Umbali huo haubadiliki. Muda wa safari ndio unaobadilika, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Marubani hupima kwa maili ya baharini, yaani mita 1,852. Kwa kipimo hicho safari yetu ni maili 310. Chukua ndege ya injini moja kama Cessna 206, ambayo hata viwanja vya mbuga zetu vinaijua, ikienda maili 130 kwa saa. Hewa ikiwa tulivu, itatumia saa 2 na dakika 23, bila kuhesabu dakika za kupaa na kutua.

Sasa weka upepo wa maili 30 kwa saa. Ukiwa wa mbele, ndege inasogea juu ya ardhi kwa maili 100 tu kwa saa, na safari inakuwa saa 3 na dakika 6. Wakati wa kurudi upepo uleule unaisukuma kwa nyuma: maili 160, saa 1 na dakika 56. Mtu atasema upepo umelipa deni lake. Jumlisha: kwenda na kurudi ni saa 5 na dakika 2, wakati siku tulivu ingekuwa saa 4 na dakika 46. Dakika 16 zimepotea. Sababu ni kwamba upepo wa mbele hukuchelewesha, na kwa kukuchelewesha unapata muda mrefu zaidi wa kukuzuia. Wa nyuma hukusaidia kwa muda mfupi, maana unafika upesi.

Katika nyika isiyo na kituo cha mafuta njiani, dakika hizo ni lita za mafuta. Kwa hiyo naona anayepanga safari kwa kutazama ramani peke yake, bila taarifa ya upepo ya asubuhi hiyo, anahatarisha maisha ya watu.

Kuna jambo la saa pia. Queensland iko nusu saa mbele ya Australia Kusini, lakini majira ya joto Australia Kusini husogeza saa zake mbele na Queensland haisogezi. Ukiondoka saa 2:00 asubuhi hewa ikiwa tulivu, mwezi Julai utafika Birdsville saa 4:53. Mwezi Januari, saa 3:53. Rubani huandika nyakati zake kwa saa ya dunia, UTC. Abiria ndiye hurekebisha saa ya mkononi anaposhuka, akitazamana na hoteli ya mwaka 1884 iliyo ng'ambo ya barabara.