Kanuni ya kianthropi

Kanuni ya kianthropi (kutoka neno la Kigiriki anthropos, "binadamu") ni wazo katika fizikia na falsafa lisemalo kwamba yale tunayoyaona ulimwenguni lazima yapatane na masharti yanayotuwezesha kuwepo na kuyaona. Jina hilo lilitolewa na Brandon Carter, mwanafizikia mzaliwa wa Australia, katika mkutano wa wanaastronomia uliofanyika Kraków, Polandi, mwaka 1973. Jina lenyewe limepotosha wengi wakadhani kwamba linasema ulimwengu uliwekwa kwa ajili ya binadamu, ilhali hoja inahusu kiumbe yeyote mwenye uwezo wa kutazama na kuuliza.

Swali ambalo kanuni hii inajaribu kulijibu ni hili: je, tushangae kwamba ulimwengu unafaa kwa uhai?

Masharti ya uhai

Viumbe hai wote wanaojulikana wamejengwa kwa kaboni. Elementi hiyo hutengenezwa ndani ya nyota, viini vitatu vya heliamu vinapoungana. Mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle alieleza kwamba kaboni ingekuwa haba mno kama kiini chake kisingekuwa na kiwango fulani maalumu cha nishati. Watafiti wa maabara huko California walipopima, walikikuta karibu palepale alipotabiri. Vilevile, kama nishati inayosukuma ulimwengu utanuke ingekuwa kubwa mno, mata isingejikusanya kuwa galaksi na nyota.

Mfano wa Ziwa Nyasa

Mto Songwe, unaopita Kasumulu kwenye mpaka wa Tanzania na Malawi, huingia katika Ziwa Nyasa. Kina kikubwa cha ziwa hilo ni takriban mita 700, lakini chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni, kwa kuwa maji ya chini hayachanganyiki vya kutosha na ya juu. Usipa wanaovuliwa na wavuvi wa Kyela wote hutoka katika tabaka la juu. Kama usipa angeweza kujiuliza kwa nini maji yanayomzunguka yana oksijeni, angeweza kujibiwa kwamba mahali pasipo na oksijeni pasingekuwa na usipa wa kuuliza. Kwa hiyo hana sababu ya kushangaa kujikuta pale alipo.

Hata hivyo, jibu hilo halielezi oksijeni ilikotoka. Kuieleza hiyo kunahitaji habari za upepo unaokoroga maji na mwani unaotumia mwanga wa Jua. Tena jibu linaridhisha kwa sababu maji ya chini yapo kweli na yamepimwa. Kwa upande wa ulimwengu, tunao mmoja tu. Mwingine usiofaa kwa uhai haujaonekana na mtu yeyote.

Mjadala

Mwanafalsafa John Leslie wa Kanada alitoa mfano wa mtu aliyefungwa mbele ya kikosi cha walenga shabaha hodari. Wote wanafyatua risasi, na wote wanamkosa. Ni kweli kwamba kama wangempiga asingekuwepo kushangaa, lakini bado ana haki ya kuuliza kwa nini wamemkosa.

Wengi wenye imani ya dini hujibu kwamba ni kazi ya Muumba. Wengine husema huenda kuna ulimwengu nyingi zenye masharti tofauti, kama tabaka za ziwa. Wapo pia wanaokataa swali lenyewe, wakisema uwezekano hauwezi kukadiriwa kwa mfano mmoja.

Wazo la ulimwengu nyingi lilipata nguvu kidogo kupitia Steven Weinberg wa Marekani. Mwaka 1987 alionyesha kwamba, kwa hoja hii, nishati ya utanukaji haiwezi kupita kiwango fulani, wala hakuna sababu iwe sifuri kabisa. Mwaka 1998 vikundi viwili vya wanaastronomia viligundua kwamba utanukaji unaongezeka kasi, jambo linalolingana na nishati ndogo ya aina hiyo. Wapinzani hujibu kwamba utabiri mmoja hautoshi kuthibitisha kuwepo kwa mahali ambapo hakuna chombo kinachoweza kufika wala kupima.