Tarti ya panya Remy, chakula cha kazi ya usiku

Ba papa na ba mama wa kambi, watoto wenu wanaijua filamu Ratatouille, ile ya panya Remy anayepika katika restora ya Paris. Ilitoka Marekani mwaka 2007, katika studio ya Pixar. Karibu na mwisho anafika Anton Ego, mtu mrefu, mkali, mwenye kazi ya kuhukumu chakula cha wengine katika gazeti. Remy hamtolei nyama. Anamtolea mboga tu: bilinganya, kurjeti, nyanya. Ego anaonja mara moja, anajiona tena mtoto mlangoni mwa jiko la mama yake, na kalamu inamwanguka.

Ratatouille ni chakula cha Nice, kusini mwa Ufaransa, chakula cha watu wa shamba. Ile sura ya vipande vyembamba tunayoona katika filamu ilitoka kwa mpishi Mmarekani, Thomas Keller, lakini mboga ni zilezile za maskini. Njo maana sisi wa sendika tuliipenda.

Tuliiweka juu ya tarti sababu ya gamela. Bukari ya jioni, saa saba ya usiku iko ngumu kama jiwe, na kule kazini mahali pa kuipasha moto hapako. Tarti inaliwa baridi, tena bila kijiko.

Sugua gramu 250 za unga wa ngano na gramu 125 za majarini na chumvi kidogo, mpaka iwe kama mchanga. Tia maji baridi, vijiko vitatu ao vine, usikande sana. Acha nusu saa. Katika muda ule, kata bilinganya moja, kurjeti mbili na nyanya nne, vipande vya milimita 3 hivi. Bilinganya uitie chumvi, ingoje dakika 20, kisha uikaushe na kitambaa. Nyanya zingine mbili, kitunguu, pwavro na kitunguu saumu upike na mafuta mpaka supu inazito kabisa. Usiwe na haraka hapa: supu ya maji inaharibu tarti nzima.

Furu haiko? Mbabula inatosha. Tia mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, uifunike, iwe moto sana. Tandaza unga katika sahani ya chuma, utoboe na uma, uchome peke yake dakika 15. Kisha pakaa supu, panga mboga zikisimama, rangi kwa rangi, kwa duara, kama Remy. Watoto wanapenda kazi hiyo, waachieni. Nyunyiza mafuta na chumvi, rudisha ndani, na makala mengine juu ya kifuniko, kama dakika 50.

Jibini ao mayai tusitie kwa ile ya kubeba kazini. Joto la kule linaviharibu upesi.

Jambo moja liko la mapigano: chakula cha mkono kinaomba mkono safi, na vumbi ya mgodi haiko chumvi. Delege wetu wanaomba robine ya maji karibu na mahali pa kula, na jibu bado. Kwa sasa beba maji yako katika chupa, na tarti uifunge katika karatasi. Ndani ya plastiki unga unalowa mbele ya kufika kazini.